Kichefuchefu Si Ridhaa

Watu wa mtaani kwetu wakisema kuwa mimi nilichumbiwa baharini, huwakatiza hapo hapo. Sikuchumbiwa. Nilikuwa najizuia kutapika, na wanawake watu wazima, wenye akili zao na wajukuu wao, wakaiita hiyo ridhaa. Wengine hucheka nikisema hivyo. Wacheke. Nimeieleza habari hii mara nyingi na bado sijaweza kuifikisha mwisho bila ya kupandwa na hasira.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mahoteli yalipoanza kuchipuka Mji Mkongwe na majumba yaliyokuwa yakiporomoka yakaanza kupakwa chokaa. Nilikuwa nikishona mapazia ya mahoteli hayo nyumbani kwa shangazi yangu, Malindi, ghorofa ya pili, chereheni yangu ikiwa dirishani. Shangazi ndiye aliyenilea tangu wazee wangu walipofariki. Kwake ndiko nilikotoka kwenda kuolewa, na kwake ndiko nilikorudi nikiwa mjane, mwanamke bado kijana kabisa.

Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa Kiembe Samaki. Babu yake alitoka bara zamani kuja kuchuma karafuu, akabaki. Kwa shangazi hilo peke yake lilitosha. "Si kufu yetu," alikuwa akisema, yaani si wa daraja letu, kwa kuwa sisi babu yetu alitoka Arabuni na alikuwa na mashamba. Mashamba yenyewe sikuyaona hata kwa dawa, yalikwisha kabla sijazaliwa, lakini daraja shangazi alibaki nalo na alilitunza kuliko vyombo vyake vya kabatini. Aliyeniozesha ni ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ndiye walii wangu, na aliniozesha kwa sababu nilimwambia waziwazi kuwa nikinyimwa huyu sitaki mwingine.

Hatukumaliza hata mwaka. Homa ilimwanza mwanzo wa wiki, na wiki haijesha tulikwishamzika. Nikakaa kizuka kwa mama yake, eda kamili, sitoki, sijipambi, sijitii manukato, na wanawake wa Kiembe Samaki nzima wakipita kunipa pole. Nayaeleza haya ili ijulikane kuwa ndoa yangu haikuwa ya kificho. Ilifungwa mchana na ikafa mbele za watu.

Miaka michache baadaye wakaja wageni kutoka Maskati. Lilikuwa kundi zima la wanawake wa ukoo mmoja, wamekuja kutalii, na kijana mmoja wa kiume wa kuwasindikiza. Mama yake huyo kijana alizaliwa hapa hapa Unguja akaondoka mdogo, na alisoma chuo cha Kurani pamoja na shangazi. Kwa hiyo shangazi akawa mwenyeji wao. Siku ya kwanza walipelekwa Kidichi kuona hamamu na mashamba ya viungo, nami nikatakiwa nifuatane nao. Nikafuatana. Niliwashikia mikoba wakipiga picha, nikawaeleza kipi mchaichai na kipi hiliki. Yule mama alikuwa akinitazama sana, kutoka juu mpaka chini. Nilidhani anaitazama nguo yangu, maana niliishona mwenyewe na ilinikaa vizuri.

Kisha shangazi akaniambia kuwa Jumapili tunakwenda Kizimkazi kutazama pomboo.

"Miye siendi," nikamwambia. "Bahari inanilevya, na wewe unajua."

"Hebu nondolee upuuzi. Watu wametoka mbali, weye unaogopa maji?"

Alikuwa anajua. Hilo nataka liandikwe kwa wino mzito. Tangu udogo wangu, tukipanda meli kwenda Pemba, mimi hulazwa sakafuni na ndoo pembeni, na aliyekuwa akiishika ndoo hiyo ni yeye. Katika dunia hii hakuna mtu aliyejua vizuri zaidi kuwa mimi nikiwa baharini siwezi kufungua kinywa.

Nikaenda, kwa sababu nilikuwa nikila chakula chake na kulala kwake, na mtu wa namna hiyo huchagua ugomvi wa kugombana. Asubuhi alinilazimisha kunywa chai ya maziwa na mikate ya kumimina, ati nisikae na tumbo tupu. Mashua yenyewe ilikuwa na mashine ya dizeli iliyokohoa moshi wote nyuma, na nyuma ndiko nilikowekwa. Wanawake walikaa kwenye mbao za pande zote mbili, wamevaa hariri na dhahabu kama wanaokwenda harusini. Kijana alikaa mbele na nahodha, kamera shingoni. Tulipoiacha pwani tu, mawimbi ya kusini yakatupokea, na mikate ya kumimina ikaanza kurudi ilikotoka.

Pomboo walipotokea, wageni wote waliinuka upande mmoja kwa vifijo, mashua ikalala, nahodha akawapigia kelele wakae. Mimi sikumwona pomboo hata mmoja. Nilikuwa nimeshika ndimu puani, nimefumba macho, nahesabu pumzi.

Hapo ndipo yule mama alipokuja akakaa mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu. Shangazi akasogea pembeni yake. Wengine wakanyamaza ghafla, na kwa namna walivyonyamaza nikajua kuwa kila mtu chomboni alijua kinachokuja isipokuwa mimi.

"Mwanangu," akasema, "mimi si mtu wa kulazimisha watu. Nshazungumza na wakubwa wako, lakini nataka nisikie kwako mwenyewe. Kijana wangu yule pale, umemwona. Umeridhika naye?"

Wallahi nilisikia kila neno. Na jibu nilikuwa nalo, tena jibu la adabu: ahsante, bibi, lakini sitaki. Lilikuwa limekaa tayari kabisa. Tatizo ni kuwa nyuma ya jibu hilo kulikuwa na chai ya maziwa, na kingetoka kimoja vingetoka vyote, mapajani mwa mgeni, juu ya hariri. Nikauma meno. Nikatikisa kichwa kukataa, lakini mashua nzima ilikuwa ikitikisika, na vichwa vya wote vikienda huku na huku. Macho yakanijaa machozi, kama yanavyomjaa mtu yeyote anayemeza kitu kisichotaka kumezwa. Nikavuta ushungi nikafunika kinywa, nikageuza uso upande wa bahari, na mwili ukinitetemeka.

Sasa, aliyekaa chuoni anajua tulivyofundishwa. Mwari, yaani msichana asiyepata kuolewa, akiulizwa kuhusu ndoa haya humzuia kusema, kwa hiyo kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Akilia, analia kwa kuwaacha wazee wake. Akijifunika na kugeuza uso, ndiyo mwari hasa, aliyelelewa akaleleka. Mimi nilizitoa alama zote hizo kwa pamoja na kwa mpigo mmoja. Nadhani hakuna mwari katika kisiwa hiki aliyepata kuridhia kwa ukamilifu namna ile.

"Mnamwona?" shangazi akasema, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Mtoto wa watu kajaa haya!"

Na vigelegele vikapigwa. Wanawake wote kwa pamoja, katikati ya maji, mpaka nahodha akazima mashine akidhani mtu kaanguka. Pomboo wakatokomea. Kijana akageuka kule mbele akauliza, "Kakubali?" Wakamjibu, "Kakubali!" Mimi hapo nikashindwa, nikauinamia ubavu wa mashua na kuitapikia Bahari ya Hindi kila nilichokula. Nikasikia mmoja wao akisema nyuma yangu kuwa furaha imenizidi. Kijana akapiga picha. Ipo huko Maskati mpaka leo, nadhani, picha ya kisogo changu siku niliyochumbiwa.

Pwani walinilaza kwenye mkeka, chini ya banda la makuti. Yule mama akaniletea dafu, akakaa kitako mchangani pamoja na hariri yake, akanipapasa kichwa. Alikuwa mpole, sitasema uongo. Akasema, "Nlimwomba Mungu anipe mkwe mwari, asopita kwa mtu, na kanipa."

Niliinuka nikakaa.

Maana sheria ile ile ya mwari ina upande wake wa pili, na tulifundishwa chuoni siku moja, darasa moja. Mwanamke aliyekwisha olewa husema kwa ulimi wake. Mjane akinyamaza, kunyamaza kwake si kitu, ni sawa na hajaulizwa. Yule mama aliyajua hayo kama ninavyoyajua mimi, na kama angejua kuwa mimi ni mjane asingeridhika na ukimya wangu hata kidogo. Angengoja nimalize kutapika, kisha angeniuliza tena. Kwa hiyo aliambiwa kuwa mimi ni mwari. Mtu alikaa naye, akamtazama usoni, akamfuta mume wangu.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa akigawa sambusa kwa wageni, moja moja, na hakuinua macho.

"Bi," nikaanza kumwambia yule mama, lakini shangazi akanidakiza kutoka kule kule, "Mwache apumzike, ashachoka mtoto." Kichwa kilikuwa bado kinanizunguka. Nikalala tena, na nikajichukia kwa kulala.

Njiani kurudi mjini kijana alikaa mbele karibu na dereva. Tulipofika kama nusu ya safari aligeuka, na kwa mara ya kwanza akasema nami. "Mama kaniambia huna maneno mengi," akasema. "Vizuri. Mimi napenda mwanamke kimya." Kisha akageuka mbele, mazungumzo yetu yakawa yamekwisha. Ningekuwa na nguvu ningemjibu kuanzia pale mpaka Mnazi Mmoja bila ya kuvuta pumzi.

Nilingoja mpaka tukawa ndani, mlango umefungwa.

"Shangazi, umewambia nini wale watu?"

"Nimewambia nini tena? Hawakunuliza."

"Wananita mwari."

"Sasa niwakosoe wageni?" Alikuwa akikunja buibui lake polepole, pembe kwa pembe. Kisha akaona kuwa sitabanduka pale mlangoni. "Sikiliza. Ile haikuwa ndoa. Miezi tu ile. Mtoto hukupata, nyumba hamkujenga. Nani anayeikumbuka?"

"Mimi."

"Weye ndo unotakiwa uisahau kuliko wote."

Nilikuwa sijapata kumpigia kelele shangazi yangu kabla ya siku ile. "Na eda nlokaa?" nikasema. "Ilikuwa ya nani? Nlikaa kizuka cha paka?"

Akakaa kitandani. Akaniambia kuwa yeye ni mtu mzima, anaumwa miguu, akifa mimi nitabaki na chereheni na mapazia ya watu. Akasema amenitafutia mlango wa kutokea na kwamba mjane wa fundi wa mafriji hafunguliwi mlango na watu kama wale. Nilijua kuwa hofu yake ni ya kweli. Lakini nilijua pia kuwa angelikuwa marehemu ni mtoto wa mmoja katika watu wa daraja lake, angelimtaja kwa wageni kabla hata ya kuwakaribisha chai. Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma ninapoliandika.

Kesho yake nikamwendea ami. Yeye ndiye walii, yeye ndiye aliyeniozesha mara ya kwanza, nikadhani atasimama na mimi. Akanisikiliza, akakuna ndevu.

"Lakini ulinyamaza," akasema.

"Nlikuwa ntatapika, ami."

"Ungetikisa kichwa."

"Nlitikisa. Chombo kizima kilikuwa kinatikisika."

"Vigelegele vishapigwa, mwanangu. Watu washasikia. Tukisema leo kuwa ulikuwa unachafukwa na moyo, nani atatuamini? Watasema tunatafuta visingizio." Akaniambia nimwachie Mungu. Nimekwisha kuona kuwa wanaume wakichoka na jambo la mwanamke ndipo wanapomkumbuka Mungu.

Mtaani nako ilikuwa hongera, hongera. Muuza kahawa hongera, jirani wa chini hongera. Nikikataa wanacheka: ndo haya hizo. Nikikasirika wanacheka zaidi. Niligundua kuwa hakuna neno lolote ninaloweza kulisema ambalo halitasikika kama ndiyo.

Siku chache kabla ya wageni kuondoka, yule mama alikuja na jamaa zake wawili kuleta kishika uchumba. Pete, kanga, udi, yote katika sanduku la mbao lenye misumari ya shaba. Shangazi alikwisha fukiza nyumba nzima na kutoa vikombe vya kabatini. Mimi niliambiwa nikae chumbani mpaka nitakapoitwa, kama mwari.

Sikungoja kuitwa. Nilitoka na kanga zangu za nyumbani, uzi wa mapazia umeninasia begani, nikakaa kwenye kiti kilichokabiliana naye.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu." Akatabasamu, lakini akamtazama shangazi.

"Mimi si mwari," nikasema. "Mimi ni mjane. Niliolewa kwa hiari yangu na fundi wa mafriji wa Kiembe Samaki, akafa, nikamkalia eda. Na kule baharini sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa kichefuchefu."

Jamaa mmoja alikuwa amekwisha inua kikombe, akakirudisha. Shangazi akasema, "Astaghfirullahi," na haikujulikana anaomba msamaha wa nini. Yule mama akamuuliza, "Kweli?" Shangazi akaanza kuvipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Yule mama akafunga sanduku. Akavuta buibui lake, akainuka. "Basi yamekwisha," akasema. "Tumedanganywa. Posa imevunjika." Wakatoka, mmoja mmoja, na nikawasikia wakishuka ngazi.

Ningepaswa kufurahi. Nilichokitaka kilikuwa kimenidondokea mikononi. Badala yake hasira ilinipanda kuliko siku ile ya mashua, na ilinichukua muda mfupi tu kujua kwa nini. Waliponidhania mwari, walichukua ukimya wangu wakasema ndiyo. Walipojua mimi ni mjane, wakachukua ujane wangu wakasema hapana. Wamenichagua na wamenirudisha, kama chungu kilichoonekana kina ufa, na katika yote hayo mawili hakuna aliyengoja kusikia neno langu. Nikatoka mbio.

Nilimkuta kwenye mzunguko wa ngazi, mkono ukutani, anashuka kwa tahadhari.

"Bi, rudi. Hujaniuliza."

"Nikuulize nini tena? Mambo yamekwisha."

"Hayajesha. Uliniuliza wakati siwezi kujibu. Sasa naweza. Rudi ukae, uniulize."

Shangazi alikuwa nyuma yangu, anaivuta kanga yangu, ananong'ona kuwa nnamwaibisha mpaka kwa watu wa chini. Na kweli jirani alikwisha fungua mlango. Jamaa wa yule mama walikuwa wamefika barazani, wanamwita. Akanitazama pale kizani, kisha akageuka akapanda. Sijui kwa nini alipanda. Hakuwa ameniridhia; uso wake ulikuwa umekunjwa kama wa mtu aliyelipishwa faini. Akaingia, akakaa pale pale alipokuwa, sanduku mapajani.

"Haya," akasema kwa sauti kavu. "Umeridhika na mwanangu?"

"Sikuridhika. Simtaki."

"Nshasikia."

"Ahsante kwa kuniuliza."

Akainuka tena. Shangazi alikuwa amejiegemeza kabatini, mkono kinywani. Yule mama alipofika mlangoni akavaa viatu vyake, akavifunga mikanda kwa taabu, bila ya kututazama. Kisha, akiwa bado ameinama, akauliza, "Huyo fundi jina lake nani?"

Nikamtajia. Jina lake, na la baba yake, na la yule babu aliyekuja kutoka bara, jina la kikwao ambalo shangazi yangu hakupata kulitamka hata siku ya harusi. Yule mama akasimama wima, akalirudia lote polepole mpaka la mwisho, kisha akasema, "Mungu amrehemu." Na kwa kuwa aliyesema ni mgeni, tena mgeni wa daraja, shangazi ilimbidi aitikie, "Amin."